Tamasha la Vitofali: Mchezo Unaomfunza Mzazi na Mhudumu wa Afya

Katika jiji la Manchester, Uingereza, lipo jengo kubwa lenye paa la upinde ambalo kwa miaka mingi lilikuwa stesheni ya reli. Lilifunguliwa mwaka 1880, likaacha kupokea treni mwaka 1969, na baadaye likageuzwa ukumbi wa maonesho unaojulikana leo kwa jina la Manchester Central. Humo ndimo limekuwa likifanyika tamasha la Bricktastic, mojawapo ya matamasha ya vitofali vya kuchezea yanayozikusanya familia pamoja na watu wazima walioufanya ujenzi wa vitofali kuwa burudani yao. Katika matamasha ya namna hii treni husafiri tena, lakini ni treni za kuzunguka juu ya meza, zikipita kwenye miji, madaraja na milima iliyojengwa kwa vipande vya plastiki visivyozidi upana wa vidole viwili.

Tamasha hilo lina nafasi katika kurasa za jarida la afya kwa sababu ya shirika linalohusika nalo. Fairy Bricks ni shirika la hisani la Uingereza linalopeleka vitofali vya LEGO kwa watoto waliolazwa hospitalini. Hivyo mtoto anayelipiwa kiingilio mlangoni humchangia, pengine bila kujua, mwenzake aliye kitandani. Uhusiano huo kati ya mchezo na tiba ni mpana kuliko wengi wanavyodhani, na mzazi anayempeleka mtoto kwenye tamasha kama hilo anaweza kujifunza mengi kuhusu afya ya mwanawe ikiwa atafungua macho.

Chukua mfano wa familia moja ya Waswahili wanaoishi Uingereza: baba, mama na watoto watatu. Binti wa kwanza ana miaka 9. Wa pili ni mvulana wa miaka 6 mwenye usonji. Kitinda mimba ana mwaka mmoja na nusu, na bado kila anachokiokota hukipeleka mdomoni. Wote watano wanaingia katika ukumbi mmoja, lakini kila mtoto anahitaji tamasha lake.

Kitofali na asili yake

Vitofali vinavyojulikana zaidi duniani vina asili yake Billund, mji mdogo wa Denmark. Mwaka 1932 seremala aitwaye Ole Kirk Kristiansen alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao. Miaka miwili baadaye karakana yake ikapewa jina la LEGO, lililofupishwa kutokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya “cheza vizuri”. Kitofali cha plastiki kama kinavyofahamika leo, chenye vinundu juu na mirija chini ya kushikilia, kilisajiliwa hataza tarehe 28 Januari 1958. Kitofali cha mwaka huo bado hushikana na kitofali kilichotoka kiwandani mwaka huu.

Siri ya mvuto wake ni wingi wa njia za kukitumia. Vitofali viwili vya rangi moja vyenye vinundu vinane kila kimoja huungana kwa namna 24. Vikiwa sita, idadi ya namna hizo hufika 915,103,765. Mtoto haihitaji hesabu hiyo ili aielewe. Anajua kwamba hakuna jibu moja la kukariri, na kwamba kilichobomoka kinaweza kujengwa upya papo hapo.

Mikono, macho na subira

Matamasha ya vitofali kwa kawaida huwa na sehemu mbili. Upande mmoja zipo kazi za wajenzi wazoefu, zilizochukua miezi au hata miaka, zikiwa zimezungushiwa uzio ili zisiguswe. Upande mwingine ipo sehemu ya watoto kujenga, yenye rundo la vitofali vilivyomwagwa mezani au sakafuni, ambapo kila mmoja huchukua anachotaka.

Binti wa miaka 9 anapita haraka mbele ya majumba marefu na kuishia kwenye rundo. Anaamua kujenga zahanati. Anajenga kuta, anaweka dirisha, anatia kitanda ndani, kisha anagundua kosa.

“Mama, mlango ni mwembamba. Mgonjwa akija na machela hapiti.”

“Basi utafanyaje, mwanangu?”

Anafikiri kidogo, kisha anabomoa ukuta mmoja na kuanza tena, bila machozi.

Katika dakika hizo chache mhudumu wa afya angeona mambo kadhaa yakifanyika kwa pamoja. Vidole gumba na vya shahada vinabana na kuachia, zoezi lile lile linaloandaa mkono kushika kalamu na kufunga vifungo vya shati. Macho na mikono vinashirikiana. Akili inashika mpango, inaulinganisha na kilichopo, inaona kasoro na kuirekebisha. Juu ya hayo, moyo unajifunza kuvumilia kushindwa. Ndiyo maana wataalamu wa tiba kwa vitendo hutumia vitofali kupima na kuimarisha uwezo wa mikono ya watoto, hasa wale wenye udhaifu wa misuli au waliochelewa kukua.

Jambo jingine linastahili kuangaliwa. Mama hakumwonesha binti namna ya kupanua mlango. Alimuuliza swali, kisha akangoja. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi ya awali wenye nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza. Malezi yenye mwitikio maana yake ni mzazi kuitambua ishara ya mtoto na kuijibu kwa kadiri inavyofaa. Swali la mama pale kwenye rundo la vitofali ni malezi ya namna hiyo. Vitofali vyenyewe ni nyenzo tu.

Mtoto mwenye usonji ukumbini

Kwa mvulana wa miaka 6 hali ni tofauti. Ukumbi mkubwa una mwangwi, taa kali, umati na vipaza sauti. Mtoto mwenye usonji anaweza kuzipokea sauti na mianga kwa ukali unaoumiza. Akiziba masikio, akilia, akijitupa chini au akikimbia, si utundu wala malezi mabaya. Ni mwili uliozidiwa.

Maandalizi hupunguza mzigo huo. Mzazi anaweza kumwonesha mtoto picha za jengo siku kadhaa kabla na kumweleza kwa maneno mafupi kitakachotokea: tutapanga foleni, tutaona treni, tutajenga, tutakula, tutarudi nyumbani. Vifaa vya kufunika masikio husaidia. Ni vyema kuwauliza waandaaji mapema kama ipo saa ya utulivu au chumba cha kupumzikia, kwa kuwa baadhi ya maonesho huviandaa. Kufika mapema kabla watu hawajawa wengi ni bora kuliko kufika adhuhuri. Na mzazi aweke moyoni kwamba ziara ya dakika arobaini iliyoisha kwa amani ina faida kuliko ya saa nne iliyoisha kwa kilio.

Baba anamtoa mvulana nje mara moja, wanakaa kimya, wanakunywa maji, wanarudi. Sasa mtoto anaketi kando ya rundo. Hajengi. Anatenga vitofali kwa rangi. Mtoto mwingine asiyemfahamu anatafuta vya bluu kwa ajili ya bahari yake. Mvulana anamsogezea kimoja, halafu kingine. Hawajasemezana neno, lakini kazi imekuwa ya watu wawili.

Jambo la namna hiyo ndilo lililomfungua macho mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel LeGoff. Aliwaona wavulana wawili waliokuwa wateja wake wakishughulika pamoja na vitofali katika chumba cha kungojea, ilhali kuwafanya washirikiane ndani ya kliniki kulikuwa kazi ngumu. Kutokana na tukio hilo aliunda njia ya tiba kwa vikundi, na mwaka 2004 alichapisha matokeo yake. Katika njia hiyo watoto hugawana majukumu. Mmoja ni mhandisi, anayesoma mchoro na kueleza kinachotakiwa. Wa pili ni mgavi, anayetafuta vipande. Wa tatu ni mjenzi, anayeviunganisha. Hakuna awezaye kumaliza peke yake, hivyo lugha, zamu na subira huja kwa sababu kazi inavidai. Baada ya muda hubadilishana nafasi.

Njia hii isikuzwe kupita kipimo chake. Haiondoi usonji, wala hilo si lengo lake. Utafiti mkubwa uliofanywa katika shule za Uingereza, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2023, ulionesha faida katika stadi za kijamii za watoto, lakini faida hiyo ilikuwa ndogo. Mzazi asiuze ng’ombe ili anunue vitofali vya bei. Ajue tu kwamba mtoto asiyependa kuzungumza anaweza kupenda kujenga, na kupitia ujenzi akampata mwenzake.

Mdogo anayetia kila kitu mdomoni

Hatari kubwa ya siku hiyo iko sakafuni, mbele ya kitinda mimba. Meza za wauzaji wa vipande hujaa vichwa vya wanasesere wadogo, magurudumu, maua na taa ndogo. Vikianguka, mtu mzima havioni. Mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea huviona vyote.

Vitofali vya kawaida havifai watoto wa chini ya miaka 3. Kipimo kinachotumiwa kimataifa ni silinda ndogo yenye kipenyo cha takriban milimita 32: kitu kinachoingia chote ndani yake huhesabiwa kuwa cha hatari kwa umri huo. Kwa ajili ya wadogo vipo vitofali vikubwa vya Duplo, vilivyoanza kuuzwa mwaka 1969, ambavyo ni mara mbili ya vile vya kawaida kwa urefu, upana na kimo. Ukumbini, mahali salama kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni mgongoni mwa mama, kwenye kigari, au kwenye eneo la vitofali vikubwa akiwa na mtu mzima asiyeshika simu.

Mtoto akipaliwa lakini bado anakohoa kwa nguvu na kulia, aachwe akohoe huku akiangaliwa kwa karibu. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, msaada uanze hapo hapo huku mtu mwingine akiita huduma ya dharura. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono au paja, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, apigwe kwa kiganja mara tano katikati ya mabega. Kitu kisipotoka ageuzwe chali, akandamizwe kifua mara tano, na hatua hizo zirudiwe. Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja apigwe mgongoni mara tano akiwa ameinamishwa mbele. Ikishindikana, asimamiwe kwa nyuma na kubanwa tumbo mara tano, juu kidogo ya kitovu, kwa mvuto wa kuingia ndani na kwenda juu. Akizimia, aanze kufanyiwa huduma ya kufufua moyo na mapafu. Kidole kisiingizwe kinywani kwa kubahatisha, kwa kuwa kinaweza kukisukuma kitu ndani zaidi.

Kitu kikimezwa na kuingia tumboni, mara nyingi habari huwa njema. Mwaka 2018 jarida moja la tiba ya watoto lilichapisha utafiti wa wahudumu sita wa afya ya watoto waliojitolea kumeza kila mmoja kichwa cha mwanasesere wa LEGO, kisha wakakichunguza choo chao. Vichwa vilitoka kwa wastani wa siku 1.71. Mmoja kati ya sita hakukiona kichwa chake tena, jambo lililowafanya watafiti wawashauri wazazi wasihangaike kupekua choo cha mtoto. Utafiti huo ulifanywa kwa ucheshi, kwa watu wazima, na kwa kitu laini kisicho na ncha. Usitumiwe kumtuliza mzazi ambaye mtoto wake amemeza kitu kingine.

Mambo matatu hayangoji. La kwanza ni betri za mviringo kama kitufe, zinazotumika katika taa ndogo za kupambia majengo ya vitofali. Betri iliyokwama kwenye umio huweza kuanza kuunguza ndani ya saa mbili. Mtoto apelekwe hospitali mara moja, asitapishwe. La pili ni sumaku: zikimezwa mbili au zaidi hunasana zikiwa zimebana kuta za utumbo katikati, na zinaweza kuutoboa. La tatu ni mtoto aliyepaliwa ghafla, akatulia, kisha akaanza kukohoa au kutoa mlio wa filimbi kifuani. Huenda kipande kimeingia kwenye njia ya hewa.

Wahudumu wa afya wakumbuke hapa kwamba vitofali hutengenezwa kwa plastiki, na kwa kawaida plastiki haionekani kwenye eksirei. Picha safi haitoshi kuondoa shaka. Maelezo ya mzazi kwamba mtoto alikuwa akicheza na vipande vidogo kabla ya kupaliwa yanastahili kuandikwa kwenye faili na kumfikisha mtoto kwa daktari awezaye kufanya bronkoskopi.

Kutoka ukumbini hadi wodini

Mtoto aliyelazwa hupoteza vingi kwa pamoja: nyumba yake, wenzake, na uamuzi juu ya mwili wake. Watu asiowajua humshika, humchoma sindano na kumwamuru alale au ageuke. Mchezo humrudishia sehemu ndogo anayoitawala mwenyewe. Ndiyo sababu boksi la vitofali linalofika kitandani kutoka kwa mashirika kama Fairy Bricks halipaswi kuonwa kuwa anasa.

Mchezo unaweza pia kuwa maandalizi ya tiba. Kipimo cha MRI humtaka mtoto alale bila kutikisika ndani ya mashine nyembamba yenye kelele, na wengi huogopa hadi hulazimika kupewa dawa za usingizi. Nchini Denmark mfanyakazi mmoja wa LEGO alijenga mfano mdogo wa mashine hiyo kwa ajili ya hospitali ya chuo kikuu ya Odense. Mtoto humlaza mwanasesere, humwingiza ndani, humtoa, na kuuliza maswali aliyoona haya kuyauliza kuhusu nafsi yake. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba mifano 600 ya aina hiyo ingegawiwa kwa hospitali mbalimbali duniani.

Njia hiyo haihitaji mashine ya gharama. Muuguzi wa hospitali ya wilaya anaweza kumfunga mwanasesere bandeji mbele ya mtoto anayengoja kufungwa bandeji, au kumpa bomba la sindano lisilo na sindano ampe “mgonjwa” wake dawa. Ikiwa wodi ina vitofali, vioshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kati ya mtoto mmoja na mwingine, vikauke, na taratibu za wodi za kuzuia maambukizi zifuatwe. Visichemshwe, kwani hupinda.

Afrika Mashariki nayo haiko mbali na jambo hili. Mfuko wa LEGO Foundation umefadhili mradi wa PlayMatters, unaoongozwa na International Rescue Committee, ili kuingiza mchezo katika ujifunzaji wa watoto wakimbizi na wenyeji wao nchini Ethiopia, Uganda na Tanzania.

Nyumbani pasipo vitofali

Wazazi wengi watakaosoma makala haya hawatafika Manchester, na wengine hawatanunua boksi la vitofali. Hawajapungukiwa kwa hilo. Magunzi ya mahindi, maboksi ya viberiti yaliyo matupu, vibao alivyoviacha seremala vikapigwa msasa, na udongo wa mfinyanzi vilijenga nyumba, magari na ng’ombe wa watoto wa pwani na bara kabla plastiki haijafika. Tahadhari ni ile ile: kinachoingia mdomoni kikaenea kisikaribie mtoto wa chini ya miaka 3, na vifuniko vya chupa vimo katika hesabu hiyo. Sheria ya majukumu matatu hutumika pia kwa udongo: mmoja aeleze, mmoja alete, mmoja ajenge, kisha wabadilishane.

Jioni familia ile ya watu watano inatoka ukumbini. Binti amepiga picha zahanati yake yenye mlango mpana, kwa maana yenyewe imerudishwa kwenye rundo ili mwingine ajenge. Mvulana ameshika kitofali kimoja cha bluu alichonunuliwa, na hataki kukiachia. Mdogo amelala mgongoni. Mama, kabla ya kumweka kwenye kiti cha gari, anamfungua viganja vyote viwili na kutazama kama kuna kitu.

Katika kliniki ya watoto, mhudumu hupima uzito, hutazama kadi ya chanjo na huuliza kuhusu chakula. Aongeze swali moja ambalo halihitaji kifaa wala fedha, na jibu lake aliandike: mtoto huyu anacheza nini, na anacheza na nani?